Ndege ya Shemeji na Uzi Mwekundu

Shemeji yangu ana ndege. Nikisema hivyo watu hudhani sisi ni ukoo wa matajiri, kwa hiyo huwa naeleza haraka: aliitengeneza mwenyewe, uani kwake, kwa mbao nyepesi, kitambaa na injini ya gari dogo lililopata ajali. Ilimchukua miaka kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa lifti. Dada yangu, mke wake, alipenda kusema kwamba mtu aliyepandisha wenzake maisha yake yote, na yeye mwisho wake ni ghorofa ya tisa, lazima siku moja kichwa kimzunguke. Majirani wakampa jina la Kapteni. Walimwita hivyo wakicheka, naye aliitika bila kucheka.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mimi pia ni fundi cherehani, na ujuzi wote nilionao ni wake. Chumba chake cha kushonea kilikuwa mwisho wa korido, kina dirisha dogo, meza ya kukatia na cherehani iliyosikika mpaka barabarani. Jioni akimaliza nguo za watu, alikwenda uani kumshikia mumewe tochi. Kitambaa cha mabawa alikishona yeye. Nyaya zote za injini alizifunga yeye kwa uzi mweupe wa nta, fundo moja kila upana wa vidole viwili, nadhifu mpaka unatamani kuzivaa. Na kila walipojaribu kitu, yeye ndiye aliyesoma orodha kutoka kwenye karatasi. "Betri." "Tayari." "Pampu ya mafuta." "Tayari." Niliwasikia mara nyingi, nikaona ni mchezo wa watu wazima wawili wasio na kazi. Kapteni naye akiitwa kule chumbani aje ajaribu koti alilokuwa anashonewa, jibu lake lilikuwa moja, kesho.

Niseme ukweli, sikuipenda ndege ile. Dada alipoanza kuugua figo aliendelea kwenda uani, na siku nne kabla ya kulazwa alikuwa amekaa kwenye kiti, mto mgongoni, anafunga fungu la mwisho la nyaya. Hospitali hakutoka mzima. Baada ya mazishi nilimwambia shemeji, mbele ya watu, kwamba lidude lake lile ndilo lililommaliza dada yangu. Nikakaa mwaka mmoja na miezi minane bila kukanyaga kwake wala kupokea simu yake, ingawa simu zenyewe zilikuwa mbili tu.

Ya tatu ilikuja Jumanne asubuhi, nikaipokea kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni na sikutazama ni nani.

"Shemeji," akasema, "njoo na mkasi wako. Ule mdogo."

Nilitaka kumkatia simu. Lakini sauti yake ilikuwa imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajafungua mdomo tangu juzi. Nikatema pini, nikatia mkasi kwenye mkoba.

Ndege ilikuwa imehamishiwa kwenye banda la kupanga, pembeni mwa kiwanja kidogo chenye nyasi. Shemeji nilimkuta mlangoni. Alikuwa amekonda, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Ndani kulikuwa na jiko dogo la mafuta, kikombe kimoja, na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto. Kwenye kile cha mto hapakuwa na kitu, hata spana, na banda lile halikuwa na nafasi nyingine tupu.

Hatukusalimiana kwa kirefu. Akanieleza moja kwa moja, kama anayesoma risala. Alhamisi mkaguzi wa ndege anakuja kusikiliza injini. Alishakuja mara mbili, na mara zote mbili injini ilimwaibisha mwenye nayo. Hii ni ya tatu na ya mwisho. Ikikataa tena, kibali cha majaribio kinafutwa, na mwenye banda hili analitaka mwisho wa mwezi.

"Irudishe uani," nikasema.

"Haiingii. Mabawa yameshagandishwa kwa gundi. Nitaikata kwa msumeno."

Alisema hivyo akiangalia sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwonea huruma, jambo ambalo halikunifurahisha.

Akapanda kwenye ndege kunionyesha ugonjwa wenyewe. Karatasi ya orodha ilikuwa ileile, mwandiko wa dada, imefunikwa kwa plastiki. "Betri," akasema. Akanyamaza kidogo, akajijibu, "Tayari." "Pampu ya mafuta." "Tayari." Mtu mzima, peke yake kwenye kiti, anajiuliza na kujijibu. Nikajifanya nakagua ukuta.

Injini ikawaka vizuri, ikaimba. Akaongeza moto kidogo kidogo, na mshale ulipofika mizunguko elfu mbili na mia nane, ikashikwa na kwikwi. Ndege nzima ikawa inatikisika, kikombe kikasafiri mezani mpaka ukingoni. Nikakidaka. Akazima.

Akanihesabia alivyobadilisha: plagi, koili, chujio la mafuta, sensa. Hata ile kompyuta ya injini, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu kinachoamua kila cheche ipige lini, aliituma kupimwa, ikarudi na barua kwamba ni nzima kabisa.

"Basi tatizo ni nini?" nikamuuliza.

"Inasikia meno yasiyokuwepo."

Nikamtazama vizuri, nikidhani upweke umeshamfikisha pabaya. Akanieleza taratibu. Injini ina gurudumu lenye meno. Sensa inahesabu meno yanavyopita, na kompyuta inaitegemea hesabu hiyo. Waya wa sensa unabeba umeme mdogo sana. Waya wa koili, inayotoa cheche, unabeba umeme wa kishindo. "Huu unanong'ona, ule unapiga kelele, na mimi nimeulaza huu na ule kitanda kimoja. Kila cheche ikipiga, kompyuta inadhani jino limepita. Inakosea hesabu, inapiga cheche ovyo."

"Sasa si uzitenganishe."

Akaelekeza tochi chini ya injini, kwenye fungu moja la nyaya.

"Ndilo lile la mwisho," akasema. "Alilofunga na mto mgongoni."

Hapo nikaelewa mkasi uliitiwa nini.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa tisa. "Na plagi ulibadilisha lini?"

"Wa tano."

"Kompyuta je?"

"Wa saba."

"Ulijua siyo kompyuta."

"Nilijua." Akajipangusa mikono, ingawa haikuwa na mafuta. "Nimeshika kisu mara sita, shemeji. Ni kazi yake ya mwisho. Siwezi. Wewe ni ndugu yake, wewe labda mkono wako hautamuuma."

Nusu mwaka mzima mtu anabadilisha kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya injini. Mafungu yote yalikuwa na uzi mweupe, mafundo yake yamebana kama meno. Lile moja lilikuwa na uzi mwekundu. Nikaligusa kwa kidole. Halikuwa na mafundo, lilikuwa na vitanzi.

"Uzi huu kauweka nani?"

"Yeye mwenyewe. Nilidhani mweupe ulimwishia. Halafu baadaye nikafikiri, labda alijua anaondoka, akataka aniachie alama."

"Siku hiyo alisema nini? Niambie kama alivyosema."

Akafikiri. "Aliniuliza kama nina hakika nyaya hizi mbili zikae pamoja. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia funga tu, tutaona injini ikiwaka."

Nikaanza kucheka nikiwa kulekule chini. Nilicheka mpaka kikawa kilio, na shemeji akasimama pale na tochi, hajui amulike wapi.

Nilipotoka nilikaa kwenye kile kiti cha mto, bila kuomba ruhusa. "Shemeji," nikamwambia, "hii ni bandi."

Hakujua bandi ni nini. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Nguo ambayo mteja hajaijaribu haipigwi cherehani. Inashikizwa kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ili ikionekana haikumkaa ifumuliwe bila kuharibu kitambaa. Hiyo ndiyo bandi. Kila fundi ana rangi yake ya bandi ili asije akaisahau ndani ya nguo. Ya dada ilikuwa nyekundu, miaka yote, na yangu ni nyekundu kwa sababu ya dada. Mafungu mengine waliyapima kwanza kwa taa, waya kwa waya, ndipo akayafunga kwa mweupe. Hili halikupimwa. Kapteni alisema tutaona. Basi naye akapiga bandi, akangoja waone.

"Hakukuachia alama," nikasema. "Alikuachia kazi ya kufumua. Na kufumua kwenyewe hakuhitaji mkasi."

"Angeniambia tu."

Hapo hasira yangu yote ya mwaka na miezi minane ikarudi. "Alikwambia kwa uzi. Mteja yeyote aliyepita mlangoni kwake anajua maana ya uzi huo, hata watoto wa shule waliokuja kupunguziwa sare. Miaka thelathini na moja ya ndoa, shemeji. Yeye alikuwa na wewe kule uani kila jioni. Wewe chumbani kwake uliingia mara ngapi?"

Nilimwona akihesabu, na hesabu yenyewe haikumchukua muda.

Baadaye alipiga magoti mwenyewe. Nikamwonyesha mwanzo wa uzi, akaushika kwa vidole viwili, akavuta. Vitanzi vikatoka kimoja baada ya kingine bila kelele, nyaya zikaachana. Hakuutupa ule uzi. Aliuzungusha kidoleni, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya saa mbili. Waya wa sensa aliupitisha upande wa pili wa injini, upana wa kiganja kutoka kwa ule wa koili. Kisha akapanda kitini, akachukua karatasi, akaiangalia, akaninyooshea. Sikuipokea upesi. Watu husema sauti zetu mimi na dada zilikuwa moja, kwenye simu hata mama yetu alituchanganya.

"Betri," nikasoma.

Nikasoma tena. "Betri."

"Tayari," akasema, kichwa amekiinamisha.

Mshale ukapanda. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tano. Ulipofika mia nane nilikishika kikombe kwa tahadhari, lakini hakikutikisika. Elfu tatu, elfu nne, sauti imenyooka kama pindo lililopigwa pasi. Nilimtazama shemeji nikitegemea atafurahi. Alikuwa anasikiliza, uso umemlegea, kama mtu aliyefika mahali akakuta wenyeji wameshahama. Akazima.

Alhamisi mkaguzi akaja, bwana mnene mwenye kalamu sikioni. Alisimama amekunja mikono, akasikiliza kutoka mizunguko ya chini mpaka ya juu na kurudi. Hakupata kosa, kwa hiyo akainama, akasema nyaya mbili hizi zinaning'inia, zishikizwe. Nikatoa uzi wa nta mkobani, mweupe, nikaufunga kila waya peke yake, fundo kila vidole viwili, kwa sababu sasa zilikuwa zimejaribiwa. Akasaini. Akampa shemeji mkono, akamwambia, "Hongera, Kapteni, mama atafurahi." Hakuwa na habari ya msiba. Shemeji akamshukuru.

Nilidhani atabaki na ndege yake. Badala yake alinifuata mpaka barabarani, tukatembea mpaka nyumbani kwake. Korido ilikuwa na vumbi, ila katikati palikuwa na njia iliyosuguliwa kutoka kitandani hadi jikoni. Njia ile haikufika mwisho wa korido.

"Ufunguo wa kile chumba unao wewe?" akaniuliza.

"Ufunguo gani?"

"Si kimefungwa tangu siku ile."

"Shemeji, mlango ule haujawahi kuwa na kitasa cha ufunguo. Sukuma tu."

Akausukuma. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka, kama dada alivyoifunika mwenyewe. Kwenye sanamu ya kujaribishia nguo, karibu na dirisha, lilikuwa koti la kiume, zito, la rangi ya majivu, lenye ukosi wa juu wa kuzuia upepo, koti la mtu atakayekaa mahali pasipo na kioo mbele. Mabega, mikono, ubavu wote, limepigwa bandi nyekundu. Hakuna mshono hata mmoja uliokuwa umemalizika, maana mwenye koti hakuja kujaribu.

Alilivaa juu ya shati la kazi. Lilimpwaya vidole vinne kila upande, kwa sababu lilikatwa kwa mwili aliokuwa nao zamani. Alisimama katikati ya chumba, mgongo wima, akainua mikono kidogo pembeni, kama wateja wote wanavyofanya bila kufundishwa, akatazama mbele na kusubiri.

Mikono aliyokuwa anaisubiri haikuwa yangu, na sote wawili tulijua. Nikachukua pini mezani, zilikuwa zimeanza kushika kutu, nikaanzia begani.