Saa ya Majina

Mwezi uliopita nilirudi Buyenzi, mtaa niliokulia, jirani yetu wa zamani akanikaribisha ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Simu yake ilikuwa mezani ikipiga redio: muziki, tangazo la sabuni, muziki tena. Akaniuliza mbona nimeacha kutafuna. Nikacheka tu. Wewe nitakueleza, maana yeye nadhani alishajua.

Nilikuwa na miaka tisa vita vilipopamba moto. Asubuhi moja mama alijitwika mzigo wake wa vitenge, akavuka mpaka pale Gatumba kwenda kuuza Uvira, kama kawaida yake. Mchana mapigano yakazuka, mpaka ukafungwa. Hakurudi. Nikabaki na bibi, mzaa mama, katika nyumba ambayo ghafla ilikuwa kubwa mno.

Bibi alikuwa na redio aliyoivalisha kitambaa cha kufuma, kama bi harusi. Kabla ya vita, saa kumi alasiri ilikuwa saa ya salamu kwa Kiswahili: fulani wa Buyenzi anamsalimu shemeji yake wa Kajaga, anamkumbusha asisahau samaki. Vita vilipokuja, saa ilibaki ileile na mtangazaji yuleyule, lakini salamu zikageuka majina ya watu waliopotezana. Mama fulani anatafuta wanawe. Fulani yuko hai, yuko upande wa pili, ndugu zake wasilie.

Kazi yangu ilikuwa kuanika betri juu ya paa la bati la jikoni, jua lizipe nguvu ya siku moja zaidi. Saa ikifika, wanawake uani waliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna aliyekohoa. Mtu akipatikana, vigelegele vilipigwa hata kama hakuna aliyemjua. Nami nilipiga, huku nikiona wivu.

Jina letu tulilipeleka wenyewe, bibi na mimi, kwa miguu hadi kituo cha redio. Kesho yake nikamsikia mtangazaji akimtaja mama yangu taratibu, kwa heshima, kama anayemwita aje kula. Baada ya hapo tulikuwa tukilipeleka tena na tena.

"Kama ako muzima, anatusikia," bibi alizoea kusema, akinipakulia sombe la mawese. "Kula, mutoto wangu."

Kisha amani ikaja, na wallahi tuliifurahia. Ndipo siku moja mtangazaji akasema kipindi kimefika mwisho. Kuanzia kesho saa hiyo itakuwa ya muziki na mpira, watu wamechoka na huzuni. Hakukosea, watu walikuwa wamechoka kweli. Uani michi ikaendelea kutwanga. Bibi peke yake alibaki ameipakata redio.

"Sasa mama yako akitaka kutuita," akaniuliza, "atapita wapi?"

Redio hakuizima. Mpaka alipofariki, kila saa kumi alikaa na muziki wa vijana aliouchukia, nami niliendelea kumwanikia betri.

Siku hizi vituo ni vingi, vyote vinacheka. Ule ua wetu umejengwa maduka. Mimi mwenyewe nimeshaupita umri aliokuwa nao mama siku ile ya vitenge. Lakini wimbo ukiisha, pale kabla mtangazaji hajatamka neno, bado naacha kutafuna.