Ndimu Tatu za Mamake Mwanasha

Nakumbuka alasiri moja kule Msambweni, mwanangu, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, nilipomtoa mtoto shuleni bila kumfukuza.

Nilikuwa msichana niliyesoma madarasa machache, na kwa hayo machache nilijiona nimeimaliza dunia. Sisi vijana tulijitolea kufundisha katika shule ya makuti iliyojengwa kwa harambee. Mwenye unga alitoa unga, nasi tukaupeleka kwenye nyumba zenye dhiki, watoto wasikose masomo kwa njaa.

Mwanasha, mtoto wa mjane, alikuwa mwanafunzi wangu. Akisoma kwa sauti, wapita njia walisimama kumsikiliza. Nilimpenda, nisikufiche. Nikawapelekea bakuli la unga.

Kesho yake Mwanasha akalirudisha bakuli na ndimu tatu ndani. Wewe waijua ada yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nami niliijua, ila kiburi cha darasani kilinipofusha. Nikamrudishia ndimu zake mbele ya wenzake.

"Mwambie mama sisi hatutaki kitu. Nyinyi ndio wenye shida."

Nilidhani nimefanya ihsani, masikini mimi. Mwanasha hakuja siku ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne nikaenda kwao kupiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hizo ndimu zangu zilikuwa na nini?"

Mama yule hakupandisha sauti. "Unga wako niliupokea kwa kuwa nilijua chombo nitakirudisha na kitu. Ulipokataa, ulinifanya omba-omba mbele ya mwanangu. Shule hiyo hatuiwezi."

Niliomba radhi, naye akanisamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi haukwisha mama na mwanawe wakahamia kwa kaka yake mama, ndani kabisa huko bara, ambako siku zile shule ilikuwa mbali mno kwa miguu ya mtoto.

Nimefundisha wengi tangu hapo, na baadhi yao sasa wana wajukuu. Ninayemtamani ni yule mmoja. Hata leo nikienda sokoni Ukunda nikamwona bibi wa umri wake, humtazama mara mbili. Nina hamu ya kumsikia akisoma, japo ukurasa mmoja tu.

Basi wewe unayekwenda kuwasaidia watu na watoto wao, nisikilize. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo huo hata maskini anao. Akikupa, pokea kwa mikono miwili, useme ahsante, hata kama ghala lako limejaa. Ukimkatalia mtu asitoe, umemnyang'anya kikubwa kuliko ulichompa.

Mungu akujaalie cha kutoa, na adabu ya kupokea. Wala asikuonjeshe hamu hii niliyo nayo mimi. Amin.