Kaseti Niliyoinunua kwa Picha

Mwanangu, wewe unayetaka kutengeneza magemu ya simu, kuna siku moja ya Kibiti nikiikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Mama Neema, muuguzi aliyehamia kwetu kutoka Singida, alifungua banda la gemu: televisheni moja, jenereta, na kaseti ya kisungura kinachoruka mashimo. Msimamizi nilikuwa mimi. Wee! Vijana walikuja kwa baiskeli toka Ruaruke kurukisha kile kisungura.

Kaseti ilipozoeleka, Mama Neema akanituma Kariakoo nikachague nyingine. Kunituma mimi, wa miaka kumi na tisa! Kichwa kilivimba. Nilipofika dukani umeme ulikuwa umekatika, muuzaji akaniambia nisubiri urudi ili nijaribu. Nani asubiri? Niliona kaseti yenye picha ya shujaa mwenye upanga wa moto, nikaichukua hapo hapo. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti.

Siku ya kwanza banda lilifurika. Siku ya nne nilibaki mimi na jenereta. Yule shujaa ukimwamuru aruke, anachelewa. Anagongwa na kitu ambacho hata hukukiona, anakufa, na unarudishwa mwanzo kabisa hata kama ulishafika steji ya mwisho. Mimi nikawalaumu wachezaji, eti hawajui gemu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Ndipo akatokea mjomba wangu Kibwana, mchonga mitumbwi wa Nyamisati, kule deltani nilikokulia, aliyekuja Kibiti kununua tezo ya kuchongea. Nikampa pedi ya kuchezea, kwa utani tu. Akabonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso.

"Bwana huyu nikimwambia ruka, anakwenda kushauriana kwanza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Uliijaribu kabla ya kununua?"

"Hapana, mjomba. Umeme haukuwepo."

"Ala! Nawe mtoto wa delta! Kwetu nani ananunua mtumbwi hajaukalia majini? Hata niuchonge mimi, mteja ataukalia, atauyumbisha, aone unamjibu vipi. Wewe umenunua rangi, mpwa wangu."

Yalinichoma, maana utotoni nilikuwa nikiyaona hayo kila siku. Alipoondoka nikazicheza kaseti zote mbili, moja baada ya nyingine, na lo, nikaona! Kisungura ukibonyeza kinaruka papo hapo. Kikitumbukia, unajua umeruka mapema, na unaanza tena hatua chache tu kutoka ulipoanguka. Ndiyo maana watu walikuwa wakifa huku wakipiga kelele, "Tena! Tena!" Gemu hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya upanga, lakini ilikuwa ya haki. Nikarukaruka peke yangu bandani kama niliyefunga goli.

Furaha ikanikatika nilipokumbuka kwamba lazima nimwambie Mama Neema. Banda alilianzisha kwa akiba yake yote, na kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yangu pale mjini. Nilimweleza kila kitu, hata ule umeme ambao sikuusubiri. Akaniuliza,

"Umejua ulipokosea?"

"Nimejua, mama."

"Basi kesho panda basi, uanzie palepale dukani. Safari hii ucheze kwanza."

Nilikwenda, nikacheza mpaka muuzaji akanichoka. Nikarudi na kaseti ya mpira ambayo karatasi yake ya juu ilikuwa imechanika, na Jumamosi ile banda lilijaa hadi watu wakachungulia dirishani.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukitunga sheria, iwe ya gemu, ya kazi au ya nyumba yako, ijaribu mwenyewe kwanza. Anayeitii aone inamjibu, na anayeanguka ajue kwa nini ameanguka. Usiwe mwepesi wa kumrudisha mtu mwanzo kwa kosa moja, kwani atakata tamaa aende zake, nawe utabaki ukisema watu hawafai. Mama Neema angeweza kunifukuza siku ile, na sijui leo ningekuwa nani. Mola akujaalie kazi ya mikono yako ipendwe, na akupe moyo wa kumwambia aliyeanguka, "Haya, jaribu tena," kama nilivyoambiwa mimi.