Siku ya Soko Walikwenda Wapi?

Hasira niliyo nayo wiki hii niliipata maktabani, huku huku Birmingham. Mbele yangu kwenye foleni alisimama bibi wa Kiairishi, ambaye alikuwa amempa mtoto wangu glavu yake achezee. Alitaka kuonyeshwa kwenye ramani mahali alipozikwa mama yake, aende akalione kaburi kabla miguu haijamkatalia.

Karani alimsikiliza lafudhi, akakifunga kitabu cha ramani. Tangu mabomu ya wapiganaji wa Kiairishi yaue watu mjini, lafudhi hiyo imekuwa kosa.

"Hakuna mahali kama hapo."

"Ni nyumba chache tu, mwanangu, na kilima."

"Basi si mahali."

Damu ilinichemka. Hata kitongoji chetu ukikitafuta kwenye ramani utachoka, lakini nilizaliwa huko, sikuokotwa. Nikamwuliza bibi juu ya watu wa kwao, kama tunavyoulizana nyumbani: "Siku ya soko walikwenda wapi?"

Uso ulimng'aa. Akautaja mji walikouza nguruwe.

Mji ulikuwepo. Karani alifungua ukurasa kwa ncha ya kidole, kama anayegusa uchafu. Bibi akaufuata mto kwa ukucha, toka sokoni mpaka kwenye kilima kisicho na jina. "Hapa," akasema.

"Ungesema mapema," karani akamjibu.

Bibi akamshukuru, tena akamwita bwana. Mimi niliondoka bila kumuaga karani. Mtu akikwambia kwenu si mahali, kwaheri ya nini?