Nyumba ya Nettie Yavuka Kipilefti

Nettie Pawluk alikuwa mtu wa kulalamika, na wala hakuona haya. Alilalamikia chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, alilalamikia mahubiri marefu, na tangu mji wa Tarnley uanze kuumuka, alilalamikia maghorofa. Alikuwa amepika katika jiko la shule ya msingi mpaka akastaafu, na enzi hizo aliwajua watoto wote kwa majina na wazazi wao kwa tabia. Sasa anakwenda kununua maziwa, foleni nzima hamjui hata mmoja.

"Wametoka wapi wote hawa?" alimuuliza mpwa wake, Colleen.

"Wamekuja kufanya kazi, shangazi. Hospitali mpya inataka watu."

"Na lazima wote walale mtaani kwangu?"

Hapo hakuwa ametia chumvi sana. Halmashauri iliruhusu maghorofa mtaani kwake, majirani wakauza mmoja mmoja, na mwishowe nyumba yake ndogo ya mbao ikabaki peke yake kati ya mashimo mawili ya misingi ya maghorofa. Nettie naye akauza kiwanja, maana alikuwa mkaidi lakini si mjinga. Nyumba yenyewe hakuiuza. Wasyl, marehemu mumewe, aliijenga kwa mikono yake, na humo humo ndimo alimofia.

Katika nyanda zile za baridi, nyumba ya mbao iliyo nzima haibomolewi ovyo. Hunyanyuliwa, ikapakiwa kwenye lori, ikahamia kwingine. Colleen alikuwa na kiwanja pembeni ya mji. Msingi ukajengwa kabla ya baridi, na kazi ya kuhamisha akapewa Delbert Friesen, ambaye ujana wake wote na mvi zake zote zimeishia kwenye kuhamisha nyumba za watu. Nettie akahamia kwa Colleen kungoja.

Kilichomkosesha usingizi ni majira. Theluji ikianza kuyeyuka, barabara hulegea, na malori mazito hupigwa marufuku. Delbert aliahirisha mara kwa sababu ya upepo, mara kwa sababu ya lori, mpaka ikafika siku ya mwisho. Kesho yake marufuku ingeanza, na kesho hiyo hiyo katapila la mwenye ghorofa lingekuja kuchimba pale ilipokuwa nyumba. Isipofika leo, haina pa kurudi.

Walitoka mapema, kukiwa bado na baridi ya kuuma. Lori lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, nyumba juu yake na mapazia yakiwa bado madirishani, Nettie na Colleen nyuma kwenye gari. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye njia panda ya kutokea mjini. Lori likasimama. Delbert akashuka, akavua kofia, akajikuna kichwa.

Njia panda ile ilikuwa imegeuzwa kipilefti.

"Delbert," Nettie alisema, amekwisha shuka garini, "usiniambie ulisahau kuna kipilefti."

"Sikusahau. Sikujua, sijapita huku tangu kiangazi. Njia hii nimepita maisha yangu yote, nije kuikagua ya nini?"

"Mji mzima unakilalamikia tangu Oktoba! Mimi mwenyewe nimekilalamikia mbele yako!"

"Wewe Nettie unalalamikia kila kitu. Mtu atajuaje lipi la kweli?"

Kukizunguka haikuwezekana, nyumba ilikuwa ndefu mno. Njia ilikuwa moja, kupita juu yake katikati. Vibao vya alama vilichomolewa bila shida, lakini ukingo wa zege ulikuwa mrefu, na magurudumu yakiupanda ghafla, nyumba ingepinda na kuta zingepasuka. Delbert akayatazama marundo ya theluji kando ya barabara.

"Tujenge mteremko wa theluji, huku na kule," alisema. "Ikishindiliwa itabeba. Lakini upesi, kabla jua halijapanda. Nahitaji watu wengi."

Mbele yao palikuwa na ghorofa jipya. Nettie alilitazama, akaguna. Watu wa fleti! Watu wasiomiliki hata beleshi, theluji yao wanazolewa na kampuni! Colleen alikuwa ameshachukua la kwake kwenye buti la gari na kuanza kuchota theluji wakati mlango wa ghorofa ulipofunguliwa, akatoka mwanamke mwenye koti zito juu ya sare ya hospitali, sinia la kuokea mkononi.

"Mama, hili litafaa?"

"Wewe nani?"

"Maricel. Nakaa ghorofa ya pili. Nimetoka zamu sasa hivi, nachungulia dirishani, naona nyumba barabarani. Nikasema leo kweli nimechoka."

Nettie alicheka, hakupenda lakini alicheka. Nyuma ya Maricel walitoka wengine, na ndoo, na masufuria, na kigari cha mtoto cha kuteleza kwenye theluji. Nettie akawasimamia kama alivyowasimamia wapishi wake wa shuleni.

"Shindilia, usimwage! Wewe wa kofia nyekundu, unajenga au unapamba keki? Kanyaga! Ruka juu yake!"

"Huyu mama ni nani?" kijana aliuliza.

"Mwenye nyumba," Maricel alimjibu. "Ruka."

Mteremko ulipokuwa tayari, lori likapanda. Nyumba ikalia, mbao moja baada ya nyingine, na Nettie akaufunika uso. Maricel akamshika mkono. Kelele za mbao ziliendelea, kisha zikakoma.

"Imepita, mama. Fungua macho."

Nettie alifungua. Nyumba ilikuwa upande wa pili, imenyooka. Akakaa palepale juu ya theluji, akalia mbele za watu bila kujificha, wasiwasi alioubeba tangu vuli ukimtoka.

"Kalale, mwanangu," alimwambia Maricel aliponyanyuliwa. "Ukiamka Jumapili uje kwangu ule. Sitaki visingizio."

Alasiri nyumba ilishushwa juu ya msingi wake. Delbert na vijana wake wawili wakaingia na matope yao kukagua kuta. Miezi yote hiyo mafundi walikuwa wakiingia vivyo hivyo na mabuti, wakikata nyaya na mabomba, na Nettie hakusema neno, maana nyumba ilikuwa imekwisha kuwa mzigo tu kama mizigo mingine.

"Viatu!" alisema kutoka mlangoni.

Delbert akageuka. "Nettie, humu baridi kuliko nje. Hata umeme hakuna."

"Nimesema viatu. Mmeingia nyumbani kwa mtu."

Wanaume watatu wakarudi, wakainama, wakafungua kamba. Soksi ya Delbert ilikuwa imetoboka kidole gumba. Nettie naye akavua vyake, akavipanga pembeni ya vyao, akapita kwenda jikoni kwake.