Ruhusa ya Sinema kwenye Njia ya Wapagazi

Barua ya ruhusa niliipiga taipu mimi mwenyewe, pale bomani Tabora, na Bwana DC akaitia sahihi. Wazungu watatu walitaka kupiga sinema ya msafara wa zamani, kwenye ile njia ya wapagazi upande wa Sikonge. Mimi nilikuwa karani na mkalimani wao, na kwa Kiingereza changu nilijiona, wee, hata kofia hainitoshi!

Mzee wa kijiji akaniambia karatasi ya boma ni ya boma, ila njia ina wenyewe. Akatupeleka kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwatambikia wapagazi waliofia njiani bila kuzikwa. Bibi akanyunyiza unga njiani, akasema, "Wapite, wabebe, waimbe. Ila mtu asilale chini hapa. Alalaye hapa huhesabiwa pamoja nao."

Wazungu wakauliza kasema nini. Nikawajibu, "Kasema karibuni." Basi! Niliona haya kuwatafsiria mambo ya mizimu, wangenicheka. Na nilijua fika kwamba katika mchezo wao yupo mpagazi wa kuanguka na kuachwa, na mpagazi huyo ni kaka yangu. Kazi ile nilimtafutia mimi.

Adhuhuri, jua la utosi, kaka akaanguka kama alivyofundishwa. Msafara ukampita. Mzungu akapunga mkono kwamba yamekwisha, ainuke. Hakuinuka. Nikamwendea nikicheka, "Acha mzaha wako, kaka." Nikamshika mkono. Baridi! Jua lote lile, mkono baridi kama mtungi. Macho yalikuwa wazi, akanitazama, akasema kwa sauti isiyo yake, "Leo ndio mnarudi?"

Nilipiga ukelele, sioni haya kusema. Bibi alikuja mbio na mkongojo wake. "Hukuwaambia," akasema. Nikatikisa kichwa. "Huyu wameshamhesabu. Hawamwachi bure. Utalala wewe mahali pake?"

Mimi, mwenye mdomo wa kuwazungumzia Wazungu, nikarudi nyuma hatua mbili. Niliogopa. Nilimpenda kaka yangu, na niliogopa. Bibi alinitazama kidogo, akaweka mkongojo chini, akajilaza pembeni ya kaka.

Kaka akapiga chafya, akaketi, akaomba maji. Akaniuliza mbona yule mama mtu mzima amelala juani, nimwamshe.

Nilimwita mara tatu. Tulimzika palepale alasiri ile, mtu wa kwanza kuzikwa kwenye njia hiyo, na kaburi nililichimba mimi.