Maziwa ya Mti wa Misheni

Jina lake la vitabuni nimelijua uzeeni, na sijalizoea. Sisi tuliuita mti wa misheni, kwa sababu haukuonekana popote ila kwenye makaburi ya misheni, ng'ambo ya bonde. Matawi yake ni manene na butu. Majani hupukutika kiangazi kizima ukadhani umekufa, kisha unachanua maua meupe yenye manjano katikati, na harufu yake inakufuata mpaka njiani. Nilipompeleka mwanangu wa kwanza kubatizwa tulipita chini yake. Ua moja likamwangukia kifuani, akalishika, hakuliachia mpaka tukafika nyumbani. Alikuwa na miezi mitatu. Hakufikisha mitano.

Nilikuwa nimeolewa Nyakakika, kwa watu wa migomba na kahawa, mimi niliyekulia Songambele kwenye nyasi na ng'ombe. Mume wangu alikuwa Buganda akifanya kibarua cha pamba. Aliondoka tumbo langu likiwa bado dogo. Mtoto akazaliwa, akaugua homa, akafa, na baba yake hajamtia machoni.

Ndiyo maana kaburi lile lilinitesa. Kwa wakwe zangu mtu mzima alizikwa kibanjani, katikati ya migomba ya nyumba yake, akapandiwa mti wa alama, na hakuna aliyethubutu kutia jembe pale. Mtoto mchanga alizikwa katika kibanja hichohicho bila alama. Udongo ulisawazishwa, nyasi zikatandazwa juu, na msimu ukifika pale palikuwa shamba tena. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wamezika wengi. Lakini mimi nilijiuliza kila siku, mume wangu akirudi nitamwonyesha nini.

Mwaka ule baba mkwe alikuwa amekusudia kupanda kahawa upande ule wa kibanja. Zamani hizo mkamwana hakuzungumza na baba mkwe ana kwa ana. Akija njia hii, mimi napita ile, na maneno yetu yote yalipitia kwa mama mkwe. Nikamtuma aniombee kaburi liachwe. Jibu likarudi jioni: kama nataka alama, nipande. Ikishika kabla ya mvua za mwezi wa tisa, atapisha. Isiposhika, atapanda kahawa yake.

Kesho yake nilikwenda misheni. Mke wa mwinjilisti alinikatia tawi la urefu wa mkono. Pale lilipokatwa yalichuruzika maziwa, meupe kabisa, yakanidondokea mguuni. Hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo alinieleza kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe.

"Usilipande leo. Litundike mahali pakavu mpaka maziwa yakauke. Likipandwa na maziwa yake litaoza."

Nilimsikia vizuri. Ndilo ninalojilaumu hadi leo, kwamba nilimsikia.

Asubuhi ileile mama mkwe alikuwa amenifunga kifua kwa kitambaa, kwa maana matiti yangu yalikuwa bado yanajaa saa za kunyonyesha na wa kunyonya hayupo. Naye aliniambia nivumilie mpaka yakauke. Sasa mimi nimetoka kwa watu ambao ng'ombe akifiwa na ndama huletewa ngozi ya ndama wake ailambe, ili asikatike maziwa. Kwetu maziwa kukauka ni msiba wa pili. Njia nzima nilikuwa nalitazama tawi lile likidondosha, nikasema hapana, hili siliachi likauke. Nikalipanda juu ya kaburi siku hiyohiyo, hata jasho la safari sijafuta.

Na nikalitunza, kwa akili yote ya kwetu na ya ukweni. Nililifukia samadi mbichi shinani. Nilitandaza nyasi nene kama wanavyofanyia migomba. Maji niliyooshea ndizi nililinywesha lenyewe. Majirani walinitania kwamba binti wa ng'ombe anaotesha fimbo ya kuchungia. Sikucheka. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nilikwenda kulitazama kama limetoa hata jicho moja la jani. Wiki ya tatu nililigusa kidogo tu, likalala. Chini lilikuwa jeusi, laini, linanuka. Nikakaa chini pale pale nikalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya maziko kilikataa kutoka.

Baada ya hapo nilimchukia baba mkwe. Alikuwa hajanikosea neno, lakini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kwangu mimi mvua ile ilikuwa yake. Nikaomba ruhusa nikaenda Songambele kwa wazazi wangu, nikakaa miezi miwili. Huko kifua changu kilikauka chenyewe. Siku moja nilishtuka kwamba tangu juzi sijakifunga, nikaona aibu, kana kwamba nimemsahau mtoto.

Nilipokuwa narudi nilipitia misheni, nikapewa tawi la pili. Safari hii nililitundika darini juu ya moshi wa jiko, kama nilivyoagizwa mara ya kwanza, mpaka kidonda chake kikafunga. Lakini kibanjani sikutambua kitu. Migomba mizee ilikuwa imeng'olewa, miche ya kahawa imesimama kwa mistari, nyasi zimetandazwa kila mahali. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Ningeweza kumwuliza mama mkwe, neno moja tu. Kiburi kikanizuia. Niliona kuuliza ni kukiri kwamba mwanangu nimempoteza mara mbili, tena mbele ya watu wa jembe.

Basi tawi langu nikalipanda ukingoni mwa uwanja, kwenye changarawe na jua. Sikulitia samadi, sikulimwagilia, nililipita kila siku kama silioni. Likashika.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata, mti umeshatoa majani. Tulipomaliza salamu na watu kutawanyika, aliniuliza mtoto amezikwa wapi. Swali hilo nilikuwa nimelingoja tangu siku ya maziko. Nikanyoosha kidole kwenye mti wa misheni.

"Hapa," nikasema.

Akavua kofia, akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya changarawe. Wiki ileile alibeba mawe kutoka mtoni akauzungushia mti. Kila Jumapili tukitoka ibadani alisimama pale kabla ya kuingia ndani. Tulipata watoto wengine, na kila mmoja alipoanza kutembea, baba yake alimshika mkono akampeleka kumsalimia kaka yake. Mti ulipochanua, maua yakaanguka ndani ya yale mawe, na akakataza yasifagiliwe. Wengine walidhani ni mti wa ukumbusho tu, hawakuuliza. Mimi nilipika, nikalima, nikanyamaza. Kila mwaka nilisema nitamwambia baada ya mavuno.

Kahawa nayo ilikua. Kwenye mstari wa tatu kulikuwa na pengo, nafasi ya mche mmoja. Mara mbili mume wangu alitaka kulijaza, na baba yake akamkatalia. Alisema mche uliokuwa pale ulikufa, udongo wa pale ni mbaya, apaache. Udongo wa kibanja kile haukuwa mbaya popote. Nilipita kwenye pengo lile na kikapu changu cha kahawa misimu mingi, nikashukuru kwamba pana nafasi ya kupumzika. Niliwahi hata kukaa pale nikala kiporo.

Baba mkwe aliugua kiangazi kimoja, akadhoofika upesi. Siku moja mchana alituita, mimi na mume wangu. Nikataka kubaki nyuma ya mlango kama ilivyo desturi, akasema niingie. Kwa miaka yote ile ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha.

"Mwanangu, ule mche haukufa," akasema akinitazama mimi. "Sikuupanda. Mtoto wako yuko pale."

Mume wangu alinitazama, kisha akamtazama baba yake. Mimi nilitazama sakafu.

"Mtanizika hapohapo, ubavuni kwake," mzee akaendelea. "Mimi mtaniwekea alama. Hapatalimwa tena."

Alifariki siku ya pili yake. Kaburi lilipochimbwa, upande wa mtoto mume wangu hakumwachia mtu mwingine jembe.

Mimi nilikuwa nakaa na wanawake waombolezaji, na nililia kuliko binti zake, mpaka wakashangaa. Walidhani ni heshima. Mtu niliyemchukia kwa ajili ya mvua aliruka shimo moja la kahawa siku ya kupanda, asimwambie yeyote. Kisha akamwona mwanawe akivua kofia mbele ya changarawe tupu, Jumapili baada ya Jumapili, akajua nimedanganya, na akanisitiri mpaka pumzi zilipomwishia. Ningeuliza tu siku ile niliyorudi kutoka kwetu, angenijibu kupitia kwa mkewe, na mambo yangeishia pale.

Wageni walipoondoka, mume wangu alisimama chini ya mti wa misheni muda mrefu.

"Sasa hapa nilikuwa namsalimia nani?" akaniuliza.

Nilimweleza yote, tawi la kwanza, maziwa, samadi, na kile kiburi changu. Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Aliinama akachukua jiwe moja, akalipeleka kibanjani, akarudi kuchukua lingine. Nilipoinama nimsaidie alisema niyaache. Aliyahamisha yote peke yake kwa siku kadhaa, na siku zile zote hakula chakula nilichomwandalia.

Baadaye alikula, tukaishi, tukazeeka. Lakini chini ya mti ule hakusimama tena. Mwaka uleule wa msiba mti ulichanua sana, uwanja mzima ukanukia. Asubuhi moja watoto walikuja na ufagio wakaniuliza kama yale maua bado yanaachwa. Nikawaambia wafagie.